Diskasi na Bustani ya Majini: Uchambuzi wa Ikhtilafu ya Wafugaji

Chanzo cha mkanganyiko

Mtu anayetaka kumfuga diskasi, yule samaki mviringo wa mto Amazon ambaye wapenzi wake wamezoea kumwita mfalme wa samaki wa maji matamu, akienda kutaka shauri kwa wauzaji na kwa wafugaji wazoefu, aghalabu hurudi nyumbani na majibu yasiyoweza kukaa chini ya dari moja. Wa kwanza humwambia kuwa samaki huyu hana budi kuwekwa katika hodhi tupu la kioo, lisilo mchanga wala jani, kwa kuwa uchafu ndio adui yake mkubwa. Wa pili humwambia kuwa kumtia kiumbe mwoga namna ile baina ya kuta nne za kioo ni dhuluma, na kwamba mimea ndiyo impayo kivuli, utulivu na maji safi. Na wa tatu humwonyesha picha ya bustani ya majini iliyopangwa kwa mtindo wa Kijapani, taa kali juu yake, mtungi wa hewa ukaa pembeni, diskasi sita wakielea katikati, akamwahidi kwamba bustani na samaki vitastawi pamoja bila ya taabu. Matokeo yake ni kwamba wengi hununua vifaa vya yule wa tatu, wakatia samaki wadogo wanaostahili malezi ya yule wa kwanza, wakawatunza kwa matumaini ya yule wa pili, kisha wakastaajabu kuona samaki wamedumaa na mimea imeoza.

Makala haya yanakusudia kuzitandaza rai hizo, kila moja na sababu zake, nguvu zake na kasoro zake, kabla ya kuzitia katika mizani. Na tangu mwanzo yafaa lisemwe jambo moja ambalo wabishani wenyewe hulisahau: kila mmoja wao anasema kweli juu ya samaki aliye mbele ya macho yake, walakini si samaki mmoja wanayemtazama. Huyu ana vifaranga wa miezi miwili anaotaka wakue upesi. Yule ana samaki wazima anaotaka kuwatazama jioni akiwa sebuleni. Mahitaji ya hao wawili yamepishana mno, na sehemu kubwa ya ugomvi huu hutoweka mara tu mtu akiuliza umri wa samaki kabla ya kuuliza habari ya mimea.

Samaki mwenyewe na maji ya kwao

Jenasi ya diskasi huitwa Symphysodon, na aliyeieleza kwanza kwa elimu ni Johann Jakob Heckel wa Austria, mwaka 1840, kwa samaki waliokusanywa na Johann Natterer, ambaye alikaa Brazili tangu 1817 hata 1835 na akawapata samaki hao katika Rio Negro, karibu na mji unaoitwa leo Manaus. Mwaka 1904 Mfaransa Jacques Pellegrin aliongeza aina nyingine, na tangu hapo wataalamu hawakuacha kubishana juu ya hesabu ya spishi. Ubishi huo tuwaachie wenyewe.

Kinachotuhusu ni maji. Maji ya Rio Negro ni meusi, yaani yana rangi ya chai isiyotiwa maziwa, kwa sababu ya asidi zitokazo katika majani na magogo yanayooza msituni. Kipimo chake cha pH huwa baina ya 4 na 5, madini yaliyomo ni machache mno, na joto lake ni nyuzi 27 hata 30 za Selsiasi. Kila mwaka mto hujaa na kupwa, na huko Manaus tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 10, hata msitu mzima ukasimama majini kwa miezi. Humo, katikati ya mizizi na matawi ya miti iliyofunikwa na maji, ndimo diskasi anamojisetiri. Na umbo lake jembamba, pana kwa ubavu, pamoja na mistari yake ya wima, vimeumbwa kwa maisha ya baina ya vijiti.

Hapa yafaa tutaamali kidogo, maana ndipo hoja nyingi za watetezi wa mimea zinapojikwaa. Husemwa kwamba bustani ya majini ni maskani ya asili ya diskasi. Hasha! Katika maji meusi mimea inayoota chini ya maji ni haba sana, na sababu zake ziko wazi: mwanga haupenyi mbali katika maji yenye rangi, chakula cha mimea kilichoyeyuka humo ni kidogo, na kimo cha maji hubadilika kiasi ambacho mmea ulioshika mizizi chini wakati wa kupwa utajikuta kizani kabisa wakati wa kujaa. Katika maziwa ya kandokando ya Amazon yenyewe, ambako maji hubeba udongo na rutuba, yako malisho mapana ya majani, lakini aghalabu ni ya kuelea juu. Basi hodhi lililojaa mimea ya kijani kutoka chini hata juu ni ubunifu wa binadamu, sawasawa na hodhi tupu. Kile ambacho kwao humpa kweli samaki huyu ni vitu vinne: joto, utulivu wa maji, kivuli, na vizuizi vya wima vya kujifichia nyuma yake. Anayetaka kuitetea mimea aitetee kwa faida zake yenyewe. Hoja ya maumbile haimsaidii.

Tabia nyingine ya diskasi ndiyo iliyozaa madhehebu ya kwanza. Watoto wake, wakisha kuanza kuogelea, hula ute unaotoka katika ngozi ya wazazi wao, baba na mama kwa zamu, kwa majuma ya mwanzo ya maisha yao. Habari hii ilielezwa katika jarida la kitaalamu la Marekani na Hildemann mwaka 1959. Mfugaji anayetaka watoto wale wapone lazima ahakikishe kwamba wanamwona mzazi na kumfikia. Katika kichaka cha majani watapotea, watakufa njaa. Hodhi la kuzalishia, kwa hiyo, huwa tupu kabisa, lenye mnara mdogo wa udongo wa kuchomwa ambao samaki hutagia mayai ubavuni mwake, na hakuna mfugaji mwenye akili timamu anayelipinga hilo.

Madhehebu ya hodhi tupu

Kutoka katika kuzalisha, kaida hii ikaenea katika kukuza. Wafugaji mashuhuri wa karne iliyopita, kama Jack Wattley wa Florida na daktari Eduard Schmidt-Focke wa Ujerumani, na baada yao mashamba ya Penang, Bangkok, Singapuri na Hong Kong, walikuwa na lengo moja: kupata samaki wakubwa, wenye rangi na umbo kamili, kwa muda mfupi. Diskasi mchanga huhitaji kulishwa mara tano au zaidi kwa siku, na chakula kilichoshika umaarufu ni moyo wa ng'ombe uliosagwa, pengine ukachanganywa na kamba. Chakula hicho ni kizito. Kinachobaki huoza upesi katika maji ya nyuzi 29, na kinacholiwa hutoka samakini kikiwa amonia, ambayo bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Mfugaji huyanyonya maji ya chini kwa mpira, akaondoa nusu au zaidi ya maji yote kila siku, akajaza mapya. Katika hodhi tupu kazi hiyo humalizika kwa dakika chache na hakuna uchafu uliobaki umejificha. Weka mchanga na mimea, kazi hiyo hiyo itakuwa ya saa nzima, na bado nusu ya uchafu itabaki chini ya majani.

Malipo ya uzembe katika umri huo hayasameheki. Diskasi aliyekosa chakula au maji safi katika miezi yake ya mwanzo hudumaa, na aliyedumaa habadiliki tena hata akihamishiwa peponi. Alama yake ni jicho kubwa katika mwili mdogo, na umbo lililorefuka badala ya kuviringa. Wauzaji wa soko wanaijua alama hiyo vizuri, ndiyo maana huwauza hao kwa bei nafuu kwa wale wasioijua.

Fauka ya hayo, yako maradhi. Diskasi husumbuliwa na vijidudu vya utumbo vya jenasi ya Spironucleus, na minyoo ya mashavu ambayo humfanya apumue kwa upande mmoja na kujikwaruza. Matibabu yake ni dawa, chumvi, au kupandisha joto hata nyuzi 33 au zaidi kwa siku kadhaa. Kati ya hayo, chumvi na joto huidhuru mimea, na dawa zenye shaba au formalini hazifai kutiwa ndani ya bustani. Zaidi ya hayo, katika bustani mgonjwa haonekani hata hali yake iwe mbaya.

Iko sababu moja zaidi, ambayo haitajwi sana kwa kuwa ni ya biashara. Mapema katika miaka ya 1990 ilitokea Thailand aina ya diskasi ya kufugwa yenye rangi nyeupe na nyekundu, iliyopewa jina la damu ya njiwa, na nyingi za rangi za leo zina nasaba yake. Samaki wa nasaba hiyo akiwekwa mahali penye giza, mchanga mweusi na magogo, ngozi yake hutokeza madoadoa meusi mithili ya pilipili manga iliyomwagwa. Akiwekwa katika hodhi jeupe tupu, madoadoa hupungua. Muuzaji anayekushauri uweke hodhi tupu la rangi ya samawati huenda anatetea rangi ya bidhaa yake kuliko afya yake, ingawa mara nyingi mambo hayo mawili yamepatana.

Kasoro za madhehebu haya ni nyepesi kuzihesabu. Hodhi tupu halina mahali ambapo bakteria watakaa ila katika kichujio, kwa hiyo kichujio kikisimama, kwa umeme kukatika au kwa kuoshwa vibaya, hakuna cha kuokoa. Samaki wazima walio wachache katika kioo kitupu huwa na woga. Mtu akipita hukimbilia pembeni, rangi zao zikafifia. Tena utaratibu wote umefungwa katika mkono wa binadamu: siku anayosafiri, hodhi huanza kuharibika. Na sura? Wako wanaosema sura si kitu. Lakini hodhi la sebuleni huwekwa litazamwe, na anayekikubali kioo kitupu chenye mabomba na samaki sita kwa miaka kumi, huyo ana subira isiyo ya kawaida.

Madhehebu ya bustani

Mtindo wa bustani za majini uliopata sifa duniani ni ule wa Takashi Amano, Mjapani, mpiga picha, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1982 na kufariki 2015. Nguzo zake ni tatu: udongo wenye rutuba, taa kali, na hewa ukaa iliyoyeyushwa majini kwa kiasi kinachotajwa kuwa miligramu 20 hata 30 kwa lita. Mmea unaopata vitu hivyo vitatu kwa wakati mmoja hukua kwa kasi, hunyonya amonia kabla bakteria hawajaifikia, na huunyima mwani nafasi. Hapana anayeziona bustani hizo akakana uzuri wake.

Ila tazama samaki waliomo katika picha za mtindo huo: aghalabu ni wadogo, wengi, wenye kula kidogo, na wanaoridhika na nyuzi 24 au 25. Diskasi ni kinyume cha hayo yote. Ni mkubwa, hufika sentimita 15 na wengine 20; hula sana; na hapendi mwanga mkali, kwa kuwa jadi yake ni ya kivulini. Hula polepole pia, kwa kupulizia maji mchangani ili kufukua kipande kilichoanguka, na kipande kikianguka ndani ya zulia la majani mafupi hakifukuliwi. Hata walinzi wa bustani, yaani samaki wanaofugwa ili wale mwani, wana madhara yao, maana baadhi ya wale wenye midomo ya kunyonya hujifunza kumng'ang'ania diskasi ubavuni na kumkwangua ute wake usiku.

Fundo la mzozo: joto

Hoja hizo zote zingeweza kusuluhishwa kwa ustadi, lau si joto. Hapa ndipo samaki na mmea wanapovutana kwa kweli, na wanaoandika mwongozo wa kuanzisha hodhi hupapitia mbio, wakasema tu chagua mimea inayostahimili, bila ya kueleza sababu.

Mmea hufanya kazi mbili. Mchana, kwa mwanga, hujitengenezea chakula. Na usiku na mchana hupumua, akiba ile ikatumika. Joto likipanda kutoka nyuzi 24 hata 30, kupumua huongezeka kuliko kutengeneza, kwa hiyo mmea huhitaji mwanga zaidi na hewa ukaa zaidi ili tu usipungue, achilia mbali kukua. Lakini hewa huyeyuka kidogo katika maji ya moto kuliko katika maji ya baridi, na hewa ukaa haikusalimika na kanuni hiyo. Basi mtunza bustani huongeza taa, ambayo samaki haipendi, na huongeza hewa ukaa.

Kwa upande wa samaki, kanuni ile ile humbana. Maji matamu ya nyuzi 20 huweza kushika miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 25, miligramu 8.3, ya nyuzi 30, 7.6. Wakati huo huo mwili wa samaki, kwa kuwa hana joto lake mwenyewe, huenda kasi zaidi katika maji ya moto na kutaka oksijeni zaidi. Juu ya upungufu huo unaongezwa mzigo wa hewa ukaa, ambayo ikizidi majini huzuia hewa ukaa ya damuni isitoke, damu ikawa na asidi, na uwezo wake wa kubeba oksijeni ukapungua. Usiku taa zikizimwa, mimea nayo hujiunga katika kuvuta oksijeni, hata alfajiri, kabla taa hazijawaka, hodhi lenye mimea mingi huwa katika saa yake mbaya kabisa. Samaki waliokutwa asubuhi wakihema juu ya maji katika bustani inayong'aa kwa afya si ajabu wala si maradhi. Ni hesabu isiyotimia.

Kushusha joto hata nyuzi 25 ili mimea ifurahi ni suluhisho ambalo samaki ndiye anayelilipia. Diskasi mzima hatakufa kwa hilo siku ile. Atapunguza kula, atasinyaa rangi, na maradhi ambayo angeyashinda yatamshinda. Kati ya nyuzi 28 na 29 ipo nafasi nyembamba ambamo samaki wazima hukaa vyema na mimea ya aina fulani haiteseki. Bustani yoyote ya diskasi iliyodumu miaka imejengwa ndani ya nafasi hiyo, mwenyewe akijua au asijue.

Rai ya Diana Walstad

Kati ya pande hizi imesimama rai ya Mmarekani Diana Walstad, ambaye kitabu chake juu ya ekolojia ya hodhi la mimea kilitoka mwaka 1999. Yeye hushauri udongo wa kawaida wa bustani chini ya changarawe, mwanga wa wastani pamoja na wa dirishani, hewa ukaa itokayo katika kuoza kwa udongo wenyewe, samaki wachache, na maji yasibadilishwe mara kwa mara; na hoja yake yenye uzito ni kwamba mimea mingi ya majini hupendelea amonia kuliko nitrati, hivyo mmea wenyewe ni kichujio.

Hoja hiyo ni sahihi, nami siipingi katika asili yake. Ila mizani yake husimama pale tu ambapo uchafu unaoingia unalingana na ukuaji wa mimea. Diskasi anayelishwa nyama mara kadhaa huingiza zaidi ya kile ambacho mimea iendayo polepole, katika mwanga hafifu na joto kali, inaweza kunyonya; na mimea tunayoweza kuiweka pamoja naye ni ile ile iendayo polepole. Walstad hutufundisha kwamba mmea ni msaidizi wa kweli. Anayetoka katika mafundisho hayo akaamini kwamba diskasi hahitaji kubadilishiwa maji amechukua hesabu ya samaki mmoja akaitumia kwa mwingine.

Maji ya mfereji

Jambo hili hutofautiana kwa miji, na shauri lililoandikwa Ujerumani au Florida halihamishiki bila ya kupimwa. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo sehemu kubwa hutoka katika milima ya Aberdare, ni laini, na tatizo la huko ni baridi ya usiku inayokitaka kifaa cha kupasha maji kifanye kazi kwa bidii. Pwani ni kinyume: joto la Dar es Salaam au Mombasa hulipatia hodhi karibu nyuzi zote linazozihitaji, lakini visima vingi vya pwani vina chumvi na ugumu. Maskati, ambako maji mengi yametolewa baharini yakaondolewa chumvi, mwenye hodhi huhangaika wakati wa kiangazi na jinsi ya kuyapoza maji.

Habari njema ni kwamba diskasi waliozaliwa mashambani kwa vizazi vingi hawahitaji maji meusi ya Rio Negro. Huishi vizuri katika pH ya 6.5 hata 7.5 na ugumu wa wastani, mradi hali isigeukegeuke. Maji laini sana huhitajiwa hasa na mwenye kutaka mayai yaanguliwe. Mashine ya kuchuja maji kwa utando, ambayo kwa kila lita moja safi humwaga lita mbili au zaidi, ni gharama isiyo ya lazima kwa wengi, na katika mji wenye uhaba wa maji ni jambo la kuona haya.

Hatari iko penye kugeuka kwa ghafula. Katika maji yenye asidi, amonia hukaa katika sura isiyodhuru sana. pH ikiwa 7 kwa nyuzi 30, ile yenye sumu haifiki hata sehemu moja katika mia, lakini pH ikipanda kufika 8 hukaribia sehemu saba au nane katika mia. Bakteria nao hulegea pH ikishuka chini ya 6, hivyo amonia hulimbikizana bila ya kuonekana. Mwenye hodhi aliyeacha maji yake yakachachuka kwa miezi, kisha siku moja akapatwa na ari ya usafi akamimina nusu ya maji ya kisima yenye pH ya 8, huweza kuwaua samaki wake kwa usafi huo huo. Dawa ya kuua klorini, ambayo maduka ya samaki huiuza, nayo isikosekane.

Kwa wanaotaka rangi na asidi laini ya maji meusi, mkungu huota pwani yetu kwa wingi. Majani yake makavu yaliyoanguka yenyewe ndiyo yale yale yanayouzwa kwa pakiti huko Ulaya kwa bei ya kuchekesha.

Mizani

Tukiyatia yote haya katika mizani, hodhi tupu linashinda bila ya ubishi kwa kuzalisha, kwa kukuza, na kwa kuuguza. Bustani ya taa kali na hewa ukaa nyingi inashindwa kwa diskasi, si kwa kuwa haiwezekani, bali kwa kuwa humtaka mwenyewe asimamie mambo mawili yanayovutana kila saa ya siku, na anayelipa kosa dogo ni samaki. Kinachobaki ni bustani ya kiasi, yenye samaki wazima, na rai ya mwandishi huyu ni kwamba hiyo ndiyo njia ifaayo kwa hodhi la nyumbani, kwa masharti ambayo hayapunguziki.

Hodhi liwe kubwa: sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, ni kwa samaki watano au sita wazima, na likizidi hapo ni heri, ijapokuwa uzito wake, zaidi ya kilo 300, wataka meza ya kweli na sakafu ya kuaminika. Wasipungue watano, kwa sababu wana daraja za ubabe, na wakiwa wawili watatu mnyonge mmoja hupokea mapigo yote.

Mchanga uwe mwembamba, sentimita mbili au tatu, na sehemu ya mbele iachwe wazi iwe uwanja wa kulishia, ipate kunyonywa kwa mpira kila siku. Mimea mingi ifungwe juu ya magogo badala ya kuzikwa, ili chini pasafishike. Nayo ichaguliwe kwa ustahimilivu wa joto, ambapo bara letu limejaliwa kuliko watu wanavyodhani. Anubias barteri ni wa Afrika Magharibi, na Bolbitis heudelotii, kangaga wa majini, huota katika mito ya Afrika ya joto. Hao wawili, pamoja na Microsorum pteropus wa Asia, hukubali kivuli. Mchangani au katika vyungu vidogo waweza kupandwa Echinodorus wa Amerika ya Kusini, Cryptocoryne wendtii wa Sri Lanka, na yungiyungi wa aina ya Nymphaea lotus, ambaye majani yake yakifika juu hutandaza kivuli ambacho diskasi hukikimbilia mara moja. Taa iwe ya wastani, saa nane kwa siku. Hewa ukaa isitiwe. Uso wa maji utikiswe kidogo mchana na usiku. Joto lishikwe kwenye nyuzi 28.

Utaratibu wa wakati una uzito kuliko orodha ya vifaa. Mimea itangulie kwa majuma sita au manane, bakteria wakamee, ndipo samaki waingie, wote pamoja, wakiwa wamekwisha kufika sentimita 10 au 12. Bei yao itakuwa kubwa. Walakini anayenunua vifaranga kwa kuokoa fedha kisha akawatia bustanini hupata samaki wenye macho makubwa, na fedha aliyoiokoa haitawaviringisha. Baada ya hapo, theluthi moja hata nusu ya maji ibadilishwe mara mbili kwa juma, bila ya kujali jinsi mimea inavyopendeza, kwa kuwa uzuri wa majani si ushahidi wa usafi wa maji. Nitrati hazionekani kwa macho, na mmea huzipenda.

Asiyeweza kuahidi kubadilisha maji hivyo mara mbili kwa juma, mwaka hata mwaka, afuge samaki wengine. Wako wengi wazuri wasiodai hivyo. Na anayeweza, kabla ya kununua diskasi wa kwanza, anunue pamoja na hodhi lake la bustani hodhi jingine dogo, tupu kabisa, lenye kichujio cha sifongo na kifaa cha kupasha maji, la kuwatenga wageni kwa majuma manne na kuwauguzia wagonjwa, kwa maana samaki auguaye ndani ya bustani hatibiki bila ya bustani kuangamia. Wakati huo atagundua kwamba, kwa kuichagua bustani, hakuepukana na hodhi tupu.